Papa mweupe Ziwa Nyasa? Hapana mkuu

Mkuu, umeuliza kama papa mweupe anaweza kuwepo Ziwa Nyasa, kwa vile anapenda maji yenye ubaridi na wavuvi wa Matema wamekuapia wamemwona. Hayupo. Kwanza huyo ni wa maji ya chumvi. Pili, Nyasa yenyewe ina baridi gani? Ukitoka Tukuyu na sweta, ukifika Matema unalivua.

Papa anayeingia maji ya mito yasiyo na chumvi yupo, ila ni mwingine, yule wa mto Zambezi. Naye akijaribu kupanda mto Shire kuja ziwani, maporomoko yanamzuia.

Papa mweupe mtafute pwani ya Afrika Kusini. Anafika mita 6 hivi. Maajabu yake ni damu: mishipa imepangwa sambamba, ile inayotoka kwenye misuli ikiwa na joto inaipasha ile ya baridi inayotoka kwenye matamvua. Kwa hiyo mwili unabaki na joto kuliko bahari. Jike mmoja, Nicole, alikwenda Australia na kurudi Afrika Kusini ndani ya miezi 9, zaidi ya kilomita 20,000.

Hao wavuvi labda waliona kambare mkubwa, gizani.