Kabla hujanunua dafodili, soma namba

Mwaka wangu wa pili hapa Cardiff niliingia dukani mwezi wa tisa nikakuta mfuko umeandikwa King Alfred, jina la aina moja ya dafodili, na picha ya ua la manjano lenye tarumbeta ndefu katikati. Nikachukua matunguu 30, yale ya kupanda yanayofanana na vitunguu. Machi ilipofika yakachanua, manjano kweli, ila tarumbeta hamna, vikombe tu. Bibi jirani, ambaye kila tarehe 1 Machi, Siku ya Mtakatifu Daudi wa Wales, hubana dafodili kifuani kwa pini, alinicheka, kisha akaleta rula ya mjukuu wake.

Dafodili la kawaida lina petali sita, na katikati yake kikombe. Pima urefu wa petali, kisha pima kikombe. Bua likibeba ua moja, na kikombe kikalingana na petali au kuizidi, hilo ni kundi la 1, la tarumbeta. Kikizidi theluthi ya petali bila kufikia urefu wa petali nzima, ni kundi la 2. Kikiwa theluthi au pungufu, la 3. Rangi haihusiki hapo, wala ukubwa wa ua. Langu lilitoka kikombe milimita 30, petali 40: kundi la 2. King Alfred halisi, la tangu 1899, ni kundi la 1, na jina lake limeuza matunguu mengi yasiyo yake.

Makundi yote ni 13, na anayeyasimamia ni Royal Horticultural Society ya Uingereza, ndiyo inayosajili aina mpya. La 4 ni maua ya matabaka mengi. Yanapendeza, lakini mvua ikiyalowesha yanalala chini; mimi nimeachana nayo. Kuanzia la 5 hadi la 10 rula haitoshi, unatazama ukoo, yaani tabia ya mmea wa mwitu uliozaa aina hiyo. La 6 petali zake zimelala nyuma kama masikio ya sungura anayekimbia, na kwa kuwa ni fupi linahimili upepo. La 8 hubeba maua hata 20 kwa bua moja, na harufu yake ni nzito. Mke wangu hulitoa sebuleni. La 9 ni jeupe pe, kikombe kidogo chenye ukingo mwekundu. La 11 kikombe kimepasuka. La 12 ni la wasio na kwao, akiwemo Tête-à-tête, kafupi kazuri ka kwenye chungu.

Kwenye maandishi ya aina, baada ya namba ya kundi huja herufi za rangi: W nyeupe, Y njano, O rangi ya chungwa, R nyekundu, P waridi, G kijani. Za kabla ya kistari ni petali, za baada yake ni kikombe, kuanzia ndani kwenda ukingoni. Basi 9 W-GYR unaliona kichwani hata kama mfuko hauna picha.

Matunguu yenyewe usiyaweke jikoni. Shemeji alikuja Oktoba, akakuta bakuli mezani, akaanza kumenya moja atie kwenye kachumbari. Ni sumu, hutapisha vibaya, na utomvu wake huwasha mikono, kwa hiyo panda ukiwa na glavu. Yangu sasa yanakaa kwenye banda la baiskeli, kila mfuko na maandishi ya kalamu nene: 6 Y-O, 8 W-O, 12 Y-Y.