Mche wenye matunda si lazima uwe mche mzuri

SWALI: Nina nafasi ya miti miwili, mmoja ardhini na mwingine kwenye chungu kikubwa. Nimeonyeshwa mche wa limau la Meyer usiofika hata magotini, na tayari una malimau matatu. Muuzaji anasema huo ndio uthibitisho wa mbegu bora. Niuchukue, au nitafute aina nyingine za limau, Eureka au Lisbon? Na ndimu nichague ipi?

JIBU: Chunguni weka Meyer, kwa kuwa mti wake haukui sana, ila ujue limau lake si kali. Ardhini ningepanda ndimu ya Tahiti: haina mbegu na miiba yake ni michache. Ukitaka limau kali, basi ardhini iende Eureka, au Lisbon kama kwako kuna baridi na upepo. Lisbon ina miiba mingi, lakini majani yake mazito huyakinga matunda yasiunguzwe na jua.

Tuje kwenye hayo malimau matatu, maana hadithi hii naletewa kila msimu na imenichosha. Mche mdogo hivyo ukiwa na matunda, mara nyingi ni tawi la mti mkubwa lililofungiwa udongo likatoa mizizi, kisha likakatwa. Tawi la mti unaozaa litazaa. Hakuna muujiza hapo. Lakini linasimama kwenye mizizi yake lenyewe, na mizizi ya mlimau huoza upesi ikishambuliwa na vimelea vya faitofthora kwenye udongo unaotuamisha maji. Ndiyo maana tunabebesha mlimau juu ya shina la jamii nyingine linalostahimili. Tafuta kovu la kubebeshwa juu kidogo ya udongo, na uulize shina la chini ni la nini. Eureka, kwa mfano, haipatani na shina la mchungwa wa majani matatu-matatu: huanza vizuri, kisha hudhoofika.

Wala kuzaa si cheti cha afya. Meyer yenyewe ilipelekwa Marekani kutoka China mwaka 1908, ikapendwa, ikasambazwa, na baadaye ikabainika kwamba miti mingi ilibeba virusi vya tristeza bila kuonyesha dalili yoyote, huku ikihatarisha michungwa ya jirani. Meyer iliyosafishwa, isiyo na virusi hivyo, ilitolewa mwaka 1975. Hiyo ndiyo ya kuulizia.

Kwa hiyo anayekuuzia tawi bila kujua mti mama ulipimwa au la anakuuzia bahati nasibu. Wapo wabaya zaidi, wanaokuja baadaye na chupa ya "kutibu" ugonjwa wa majani kuwa na mabaka ya njano na matunda kupinda, ule wa bakteria wanaoenezwa na wadudu wadogo wafyonzao majani. Mti ulioupata hauponi, wasikudanganye. Hung'olewa. Na ukisikia habari za mlimau dume na jike ili uuziwe miche miwili, ondoka hapo: ua la mlimau halihitaji mwenzi, na Tahiti huzaa hata bila chavua.