Kijana wa Tanga unayetaka gwanda na urubani, kapime afya kwanza

Vijana wengi wa hapa Tanga wakishajua kwamba nilikuwa rubani jeshini huniuliza: nikiingia mgambo, nitafika kwenye urubani? Hapana, mwanangu. Mgambo ni jeshi la akiba na lina heshima yake. Ukitaka kujiunga, nenda kwa mshauri wa mgambo wa wilaya yako. Lakini mafunzo yake ni ya ardhini: kwata, silaha, ulinzi. Yule kanali wa akiba mnayemwona mtandaoni, anayerusha ndege za abiria siku za kawaida na kuvaa gwanda wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, ni wa Marekani. Hapa kwetu, njia ya urubani wa kijeshi ni JWTZ yenyewe.

Iwe jeshini au uraiani, nakusihi, pima afya kabla hujalipa ada popote. Leseni ya rubani wa biashara inadai cheti cha afya cha daraja la kwanza. Daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) atakupima moyo, masikio, macho, na kama unatofautisha rangi. Miwani si kikwazo ikiwa ukiivaa unaona inavyotakiwa. Kutotofautisha rangi kunaweza kumkwamisha mtu bila yeye kujua mapema. Kuna familia ya Pangani iliuza shamba la minazi kumpeleka kijana wao shule ya urubani, akaja kukwama kwenye rangi ada ikiwa imeshalipwa. Inaniuma hadi leo, kwa sababu kipimo kile kingeweza kufanyika kabla shamba halijauzwa.

Ukishaanza kuruka, tunza logibuku yako, yaani daftari la kumbukumbu za safari zako, kama hati ya nyumba. Andika siku hiyohiyo: aina ya ndege, ulikotoka, ulikotua, muda, mchana au usiku, ulikuwa nahodha au msaidizi. Waliomo jeshini wasikilize hapa zaidi. Uraiani muda huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea ili iruke hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Yapo majeshi yanayohesabu tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Kila safari unapungukiwa dakika chache tu, lakini leseni ya juu kabisa ya rubani wa ndege inataka saa 1,500, na huko dakika hizo zinageuka miezi ya kazi. Kwa hiyo andika nyakati zote mbili. Nilipovua gwanda na kuomba leseni ya kiraia, logibuku ndiyo iliyofunguliwa mezani ukurasa kwa ukurasa. Cheo changu hakikuulizwa. Hata hivyo mitihani ya kiraia niliifanya: sheria za anga, usomaji wa ramani, hali ya hewa.

Hiyo ya hali ya hewa msiisome ili mfaulu tu. Masika mawingu yakifunika Usambara, milima ipo palepale ingawa huioni, na abiria wanaokuharakisha hawalijui hilo. Rudi Tanga, subiri.

Orodha ya madaktari walioidhinishwa iulizeni TCAA. Anzeni na hiyo wiki hii, shule baadaye.