Anayesitiriwa ni nani?

Wiki iliyopita mliuliza: kusitiri na kuficha ni neno moja? Nakuandikieni kutoka Wete, Pemba, na jibu langu ni hapana.

Zisikilizeni methali. Mficha uchi hazai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Palipo na kuficha pana lawama. Kusitiri tunakuombea dua: "Mungu akusitiri." Neno limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliomo katika Ya Sattar, tunavyomwita Mola. Ukiulizwa hali ukajibu "alhamdulillahi, tumesitirika," mwenzio kishajua kuwa chungu kiko jikoni na paa halivuji, wala hakuulizi zaidi.

Hata yale makuti ya kumba tunayozungushia bafu uani hayamfichi mtu. Kila mmoja anajua nani yumo ndani, na kata ya maji inasikika. Yanamsitiri tu.

Mimi neno hili nililielewa siku niliyomsaidia bibi yangu kuosha maiti ya jirani. Maiti ilifunikwa kanga, na maji ya mkunazi tukayamimina juu ya kanga ile ile. Mkono wa bibi, umezongwa kitambaa, ulipita chini yake taratibu, na yeye macho kayaelekeza kwenye ndoo. Nguo haikuinuliwa hata mara moja. Tulipotoka, wanawake wa msibani wakamuuliza kamkutaje marehemu. "Kasitirika," akajibu, akenda kunawa. Basi. Na makaburini, maiti akiwa mwanamke, nguo hushikwa juu ya kaburi mpaka mwanandani, lile shimo la ndani analolazwa maiti, ufungwe. Ndiyo maana wanaume wakirudi husema "tumeshamsitiri."

Kwa hivyo mimi naona afichaye anajikinga nafsi yake, asitiriye anamkinga mwenzake.

Linaloniuma ni neno hili kutumiwa kwa dhuluma. Mtoto akidhalilishwa, na aliyemfanyia ni jamaa, utasikia: "Tusitiriane, haya ni mambo ya ndani." Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Mama wa mtoto alikuwa anazungusha pindo la kanga kidoleni, analizungusha na kulizungua, huku wazee wakimsihi asende polisi, kwani yule ni damu yao. Ule ulikuwa muhali, yaani kumwonea haya jamaa hata akikosa, na muhali ni kuficha. Stara ilikuwa haki ya mtoto: jina lake lisizungumzwe barazani, asinyooshewe kidole akenda chuoni kusoma Kurani. Aliyemdhulumu hakuwa na stara ya kudai pale, na niliwaambia hivyo wazee wangu kwa adabu, ingawa sauti ilinitetemeka.

Mama yule hakubishana na mtu. Aliinuka, akajitanda kanga yake, akamshika mwanawe mkono, wakenda kituoni. Nasi tuliokuwapo, jina la mtoto hatujalitaja mpaka leo.