Maswali ya Wasomaji: Giaboksi Imebadilishwa, Kumbe Ugonjwa Ulikuwa kwenye Koili

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Mikindani, Mombasa, na riziki yangu ni kusambaza mikate kwa Probox katika maduka ya njia ya Mazeras hadi Kaloleni. Gari lilianza kushtukashtuka kila nilipopanda kilima cha Mazeras likiwa na mzigo, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Nililipeleka kwenye gereji ambayo nimeiamini kwa miaka mingi. Mwenye gereji aliliendesha kwa dakika tano hivi, akarudi na kuniambia kwamba giaboksi imekwisha, haifai hata kufunguliwa, na dawa yake ni kutafuta nyingine iliyotumika Japani. Niliridhia kwa simu. Giaboksi ilikuwa shilingi 52,000 na ufundi 10,000. Nimelipa 50,000 kwa M-Pesa na nimebakiza 12,000.

Siku ya pili tu, pale pale Mazeras, gari likashtuka vilevile. Niliporudi nikaambiwa kwamba sasa kompyuta ya gari ndiyo mbovu, niandae 28,000. Nikamwendea fundi mwingine, kijana wa mtaani kwetu, ambaye alichomeka mashine yake, akasoma namba P0303, akahamisha koili moja, akasoma tena, kisha akabadilisha koili hiyo kwa shilingi 4,500 na ufundi wa 1,000. Hii ni wiki ya tatu gari linapanda kilima bila wasiwasi. Mwenye gereji ya kwanza ananipigia simu kila siku akidai 12,000 zake, na nilipomuuliza ilipo giaboksi yangu ya zamani alinijibu kwamba vyuma chakavu havina mwenyewe. Je, nina haki ya kurudishiwa pesa, au nimeshaliwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaliwa bado, ila kabla ya kufika kwenye pesa inakubidi uielewe vizuri hitilafu yenyewe, kwa kuwa utakapokaa mbele ya huyo bwana, au mbele ya hakimu, kitakachokusaidia ni uwezo wako wa kueleza kwa maneno machache kwa nini giaboksi haikuwa mgonjwa.

Injini ya Probox yako ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi, ambayo kazi yake ni kuupa umeme nguvu ya kuruka kwenye plagi na kuchoma mafuta. Gari likiwa tambarare bila mzigo, hata koili iliyochoka huweza kujikongoja. Ukilipandisha kilima na kreti za mikate nyuma, ukakanyaga mafuta, hewa na mafuta hujaa zaidi ndani ya silinda na mgandamizo huongezeka, kwa hiyo cheche huhitaji umeme mkali zaidi ili iruke. Koili dhaifu hushindwa hapo, silinda moja kati ya nne huacha kufanya kazi kwa kitambo, na gari hushtuka. Ndiyo hali ambayo mafundi huiita injini kumisi. Aliye kwenye usukani huona kana kwamba gia zinateleza, na fundi mwenye haraka huona hivyo hivyo.

Lakini dalili za magonjwa haya mawili hutofautiana kwa anayetaka kuzitazama. Giaboksi inapoteleza, injini huvuma na mizunguko yake hupanda huku gari likibaki nyuma. Injini inapomisi, ni yenyewe inayokatika na kutetemeka, na mara nyingi mtetemo huo husikika hata gari likiwa limesimama. Isitoshe, taa ya injini inayowaka na kuzima, badala ya kuwaka moja kwa moja, kwa kawaida ni onyo kwamba injini inamisi kiasi cha kuweza kuharibu kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosti. Taa hiyo ilikuwa imeshasema kila kitu kabla ya gari lako kuingia gereji. Aliyetakiwa kuisikiliza akaliendesha dakika tano.

Huyo kijana wako alifanya kazi ya heshima. Namba P0303 ina maana kwamba silinda ya tatu inamisi, basi. Haisemi ni kwa nini, maana yaweza kuwa koili, plagi, nozeli ya mafuta au hata mgandamizo wa silinda yenyewe. Wengi huisoma namba na kukimbilia duka la spea. Yeye alihamisha koili kutoka silinda ya tatu kwenda nyingine, na bila shaka aliposoma tena aliona namba imehama pamoja na koili, ikawa P0301 kama aliipeleka silinda ya kwanza. Koili hushikwa na bolti moja tu, kwa hiyo jaribio hilo zima halimalizi hata nusu saa na halihitaji kununua chochote.

Sasa tuje kwenye haki yako. Kosa la kupima si wizi, na ningependa ulikumbuke hilo utakapokwenda kuzungumza na mwenye gereji. Mimi mwenyewe, enzi za ufundi wangu, niliwahi kumbadilishia mteja pampu ya mafuta kumbe ni filta iliyokuwa imeziba; nikairudisha pampu dukani kwa hasara yangu na sikumtoza ufundi. Fundi hukosea. Kinachonisumbua katika habari yako ni kwamba alihukumu giaboksi bila kusoma kompyuta ya gari, tiba ilipokosa kufanya kazi akazua ugonjwa mwingine bila kipimo, na giaboksi yako akaifanya mali yake.

Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa mambo haya waziwazi. Inahesabu kuwa ni maelezo ya uongo kumwambia mteja kwamba spea au matengenezo fulani yanahitajika ilhali hayahitajiki, na katika sehemu yake inayohusu matengenezo ya magari inamtaka fundi ampe mteja vipuri vilivyotolewa, isipokuwa kama mteja alisema tangu mwanzo kwamba havihitaji. Kwa hiyo vyuma hivyo vina mwenyewe, naye ni wewe. Jambo moja tu ulikague kwanza: kama mlikubaliana kwamba giaboksi ya zamani inatolewa kwa kubadilishana ili bei ya hiyo nyingine ishuke, basi hapo hutakuwa na dai.

Ushahidi wako mzito ni mpangilio wa matukio: giaboksi ilibadilishwa na ugonjwa ukabaki, koili ilibadilishwa na ugonjwa ukaondoka, kilima kile kile, mzigo ule ule. Mwombe kijana aandike hayo kwenye karatasi, aweke tarehe, namba aliyoisoma na jaribio alilolifanya, kisha atie sahihi. Koili mbovu usiitupe. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, na kama mliandikiana au kutumiana sauti kwa WhatsApp, usifute chochote hata kama kuna maneno ambayo wewe mwenyewe huyapendi.

Nenda kwa mwenye gereji asubuhi kabla wateja hawajajaa, pamoja na mtu mzima mmoja mwenye busara, na uende kwa matatu. Gari liache nyumbani, kwa sababu fundi anayekudai ana njia ya kulishikilia gari alilolitengeneza likiwa mikononi mwake, na hutaki kujadiliana huku mikate imelala. Mweleze kwamba hukuja kumvunjia jina, kisha umpe njia mbili: airudishe giaboksi yako ya asili kwa gharama yake, achukue yake na akurejeshee 50,000, au abaki na giaboksi ya zamani, wewe ubaki na hiyo aliyoifunga, afute deni la 12,000 na akurudishie sehemu ya fedha mtakayokubaliana. Nionavyo mimi, njia ya pili ndiyo itakayomaliza ugomvi, kwa kuwa giaboksi uliyofungiwa inafanya kazi na ina thamani yake, na hakimu pia ataliona hilo. Mtakalokubaliana liandikwe, na kama ni kulipeleka gari kwake, lisiende kabla ya karatasi kutiwa sahihi.

Akikataa, mwandikie barua ya madai na umpe siku 14, ukitaja ndani yake kwamba zile 12,000 unazipinga na kwa nini, ili asije kusema ulinyamaza tu. Baadaye kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukuruhusu kujitetea mwenyewe bila wakili, na hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai lisajiliwe. Dai ulichopoteza kwa sababu ya kosa lake tu. Zile 5,500 za koili usizitie, kwa kuwa ungezilipa hata kama angepima sawasawa siku ya kwanza. Siku ambazo hukupeleka mikate unaweza kuziweka, iwapo una daftari la mauzo linaloonyesha kawaida yako ni kiasi gani.

SWALI: Gari langu lilichemsha njiani karibu na Voi. Fundi anasema gasketi ya silinda hedi imeungua na anataka kufungua injini. Nitajuaje kama ni kweli kabla sijakubali?

JIBU: Gasketi hiyo ndiyo inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu ili moshi na maji visichanganyike. Usikubali kwa kuambiwa; omba vipimo viwili. Cha kwanza ni kuupima mfumo wa maji kwa pampu ya shinikizo ili kuona kama unavuja na ni wapi. Cha pili ni ile dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma: moshi wa injini ukiwa umepenya kwenye maji, dawa hugeuka njano, na hapo fundi atakuwa na hoja. Ikibaki buluu, atazame kwanza feni kama inawaka joto linapopanda, mfuniko wa rejeta kama bado unashika shinikizo, na themostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, kama inafunguka. Na akikwambia dawa ni kuing'oa themostati na kuitupa, kama wafanyavyo mafundi wengi wa pwani, mwambie afunge mpya, maana injini iliyoundwa kufanya kazi nayo hutaabika bila hiyo na chanzo cha joto hubaki pale pale.