Tamasha la mtaa wenye watu wa kila asili: gawaneni kazi kwanza, jukwaa baadaye

Ndugu uliyeuliza, habari. Unasema mtaa wenu una watu waliotoka sehemu nyingi, kila jengo lina lugha zake, na kamati imeamua kufanya tamasha la siku moja ambapo kila jamii itapewa dakika 15 jukwaani. Pembeni kutakuwa na ukuta mrefu utakaochorwa na msanii wa kualikwa. Umetaka kujua kama mpango huu utawakutanisha watu kweli, pesa zielekezwe wapi, na nani azungumze siku ya ufunguzi. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, hasa kwenye karakana za mavazi ya gwaride na michoro ya ukutani, kwa hiyo nina cha kusema.

Hizo dakika 15 ningezipinga. Ukigawa jukwaa kwa asili za watu, kila kundi linafanya mazoezi kivyake, linakuja na mashabiki wake, linashangiliwa na hao hao, kisha linaondoka nao. Nimesimama pembeni ya majukwaa ya namna hiyo nikaona jinsi viti vinavyobadilisha wenyewe: kundi likishuka, safu nzima inanyanyuka na wengine wanaingia. Watu wanashinda uwanja mmoja kutwa nzima na hawajajuana hata majina. Halafu wapo wasioingia popote. Mtoto wa wazazi wa asili mbili asimame na kundi gani? Na kijana aliyezaliwa hapo hapo mtaani, ambaye ngoma za babu yake hazijui? Na yule mzee ambaye hakuna mwingine mtaani anayesema lugha yake? Mpango wa zamu unawaambia wachague bendera au wabaki kutazama, na mimi hao ndio wananiuma zaidi, kwa sababu katika mitaa kama yenu ni wengi.

Gawaneni kazi. Fungueni karakana ya mavazi, ya ngoma, ya sanamu kubwa za kubebwa barabarani, kikundi cha kukusanya masimulizi ya mtaa, kikundi cha ukuta, kikundi cha mitambo ya sauti. Mtu aingie anakopenda kufanya kazi, asiulizwe katokea wapi. Fundi cherehani atakaa na fundi mwenzake asiyeelewana naye kwa maneno, nao watabishana juu ya mshono kwa vidole na mkasi mpaka waelewane. Nimewaona majirani wa ngazi moja, waliokuwa wakipishana bila salamu, wakafikia kuachiana funguo na watoto. Chanzo kilikuwa mabawa ya waya ya vazi la gwaride yaliyokataa kusimama bila mikono minne kuyashika. Hilo halitokei kwa kukaa kwenye kiti na kupiga makofi.

Tazama historia ya kanivali ya Notting Hill kule London. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1958 eneo lile lilikumbwa na mashambulizi ya vijana wa kizungu dhidi ya wahamiaji kutoka Karibi. Claudia Jones, mwandishi wa habari mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa akiendesha gazeti la wahamiaji hao, aliandaa kanivali ya ndani ya ukumbi Januari 1959, katika St Pancras Town Hall. Kijitabu cha shughuli ile kilieleza kwamba sehemu ya mapato yake itasaidia kulipa faini za vijana waliohusika katika vurugu, weusi kwa weupe. Kila nikikumbuka jambo hilo namheshimu zaidi mama yule. Majeraha yalikuwa bado mabichi, naye akafikiria mzigo wa pande zote mbili.

Mwaka 1966 mkazi mwingine wa eneo hilo, Rhaune Laslett, akaandaa tamasha la mtaani kwa ajili ya watu wa asili zote waliokuwa wakiishi pale. Kikundi cha ngoma za chuma cha Russell Henderson kilialikwa kupiga, na wanamuziki wale wakaamua kutoka na vyombo vyao na kutembea barabarani. Watu wakawafuata. Ukimfuata mpiga ngoma barabarani huwezi kuchagua utatembea na nani, bega lako litagusana na la yeyote aliye karibu. Tangu hapo kanivali ile ikawa ya barabarani, na nyuma ya siku zake mbili za mwezi Agosti kuna miezi ya watu kujifungia kwenye karakana wakikata, wakigundisha na kushona mavazi. Ukiuliza kinachoishikilia kanivali ile mpaka leo, mimi nitakuonyesha karakana hizo kabla ya barabara yenyewe.

Sasa ukuta wenu. Msanii wa kualikwa ni mzuri, lakini asije na picha iliyokamilika mkobani. Kule Los Angeles, Marekani, msanii Judith Baca aliongoza uchoraji wa mchoro mrefu uitwao The Great Wall kwenye kingo za mfereji wa kuzuia mafuriko. Kazi ilianza 1976 ikaendelea kwa majira kadhaa ya kiangazi, na urefu wake ukafika takriban mita 840. Walioshika brashi walikuwa vijana zaidi ya 400 wa asili tofauti, wengine wakiwa wameshaingia mikononi mwa sheria. Kabla ya kuchora walikaa na wanahistoria na wazee wakasikiliza mambo ambayo hawakuwahi kufundishwa: wenyeji wa asili wa California, Wachina waliojenga reli, Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa makambini wakati wa vita. Kijana alijikuta akichora maumivu ya jamii ya mwenzake aliyesimama naye pale pale. Kwa hiyo kikundi chenu cha masimulizi kianze mapema kuliko vyote, kizunguke na vinasa sauti, kiulize watu walifikaje mtaani na nini kiliwahi kusimama pale. Michoro itatoka humo.

Usiniambie wazee na watoto hawawezi kupanda ngazi. Philadelphia ina mpango maarufu wa michoro ya ukutani, ulioanza 1984 kwa msanii Jane Golden kuwapa kazi vijana waliokuwa wakichafua kuta kwa maandishi, na leo michoro iliyotokana nao imepita 4,000. Wao wamezoea mbinu moja ninayoipenda sana. Mchoro hukatwa vipande, kila kipande hupakwa rangi mezani juu ya kitambaa chepesi kama cha parashuti, na baadaye vipande hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Mistari huchorwa kwanza, kila eneo likapewa namba ya rangi yake. Hivyo bibi kizee, mtoto wa shule, mtu wa kiti cha magurudumu, hata mfungwa aliyeko gerezani, wote hupaka sehemu yao na ikaonekana. Katika miradi tuliyotumia njia hii, watu walileta wageni wao kuwaonyesha kona waliyoipaka, na sikuwahi kuona mtu akiuchafua ukuta wa namna hiyo.

Maandalizi ya ukuta wenyewe hayana siri. Uoshwe, ukaguliwe unyevu unaopanda kutoka chini, na lipu mpya iachwe karibu mwezi kabla ya rangi. Muhimu zaidi ni karatasi. Pateni kibali cha maandishi cha mwenye ukuta kinachosema mchoro utabaki muda gani, nani atautunza, na mtaarifiwe vipi ukitakiwa kuondolewa. Ukuta mmoja tulioufanyia kazi ulipakwa rangi nyeupe na mmiliki mpya bila hata kubisha hodi, na watoto waliouchora walikuta hivyo asubuhi wakienda shule. Kule Queens, New York, jengo la 5Pointz, ambalo kuta zake zilijaa michoro ya wasanii, lilipakwa nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013. Wasanii 21 wakashtaki kwa kutumia sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi za wasanii wa sanaa za kuonekana, na 2018 jaji akaamuru walipwe zaidi ya dola milioni 6. Nchi nyingi hazina sheria yenye makali hayo, ndiyo maana karatasi yenu wenyewe ni ya lazima.

Lipo na jambo la kodi ya nyumba. Mtaa ukipendeza, wenye majengo huona fursa. Sanaa peke yake haipandishi kodi, ila hutumika kuuza nyumba kwa watu wengine. Wakazi wa Barrio Logan kule San Diego walilielewa suala la ardhi mapema: Aprili 1970 waliikalia ardhi iliyo chini ya daraja, mahali ambapo waliahidiwa bustani, baada ya kusikia kwamba kitajengwa kituo cha polisi wa barabara. Walipoipata ndipo wakaanza kuchora nguzo za daraja, kuanzia 1973. Michoro ya bustani hiyo, iitwayo Chicano Park, bado ipo, na sababu kubwa ni kwamba walihakikisha kwanza mahali pale panabaki pao. Kama mna chama cha wapangaji, kiwe ndani ya kamati tangu kikao cha kwanza.

Na kamati yenyewe ikoje? Mwaka 1969 mwandishi wa Kimarekani, Sherry Arnstein, aliueleza ushiriki wa wananchi kuwa ngazi yenye vipandio 8, cha chini kabisa watu wakihadaiwa tu, cha juu kabisa wakishika uamuzi wenyewe. Jiulizeni mko kipandio gani. Kama watu wanaitwa kusikia ratiba iliyokwisha kuchapwa, mko chini. Wawakilishi wa karakana wawe wengi kamatini, na bajeti isomwe mbele yao.

Pesa: sehemu kubwa iende kwenye miezi ya karakana. Mlipeni fundi anayefundisha, mkalimani, mtu wa kuwaangalia watoto ili mama zao wapate mikono huru, nauli za wasiojiweza, kitambaa, waya, rangi. Msimpe mwanamuziki mmoja mwenye jina nusu ya bajeti kwa saa moja. Wanaojitolea wasigeuzwe vibarua wa bure huku mwenye spika analipwa. Na hesabu zibandikwe hadharani tamasha likiisha, mpaka risiti ya uzi.

Siku yenyewe, wapelekeeni taarifa mlango kwa mlango wenye watoto wachanga, wagonjwa na wanaofanya kazi usiku, muwaambie saa ya kuzima mitambo, na saa hiyo iheshimiwe. Gwaride lipite vichochoro vya ndani, si barabara kuu tu, maana wapo wasioweza kushuka ngazi ambao watalifurahia dirishani.

Kuhusu nani azungumze. Viongozi na wafadhili watambuliwe kwenye karatasi ya ratiba, kisha waingie kwenye gwaride kama watu wengine. Wenye kipaza sauti wawe waliotengeneza: aliyeshona aeleze vazi, aliyehojiwa aeleze picha yake ukutani, kila mmoja kwa lugha yake, kwa ufupi, na mkalimani pembeni. Wanasiasa watasukuma wapate nafasi, kwa hiyo kamati ipitishe uamuzi huu mapema na kuuandika kwenye barua za mwaliko, mwenyekiti asibaki kubishana nao peke yake siku hiyo.

Ukiniambia ukuta wenu ni wa lipu au matofali matupu, na jua linaupiga upande gani, nitakuandikia aina ya rangi na namna ya kuuandaa.