Risasi iliyozama usiivute kwa plaizi

Mkuu, weka hiyo plaizi chini kwanza. Unasema una .458 Winchester, bunduki ya wanyama wakubwa, umekuta risasi mbili vichwa, yaani kile kipande kinachoruka, vimezama ndani ya ganda, fundi mmoja hapa Arusha kakwambia uvivute taratibu hadi vilingane na vingine. Hayo maneno ya fundi nayajua. Niliambiwa vilevile na mtu aliyesifiwa mji mzima kwa ujuzi wa bunduki, nikamwamini, nikavuta.

Kichwa kilitoka vizuri, ukikitazama hukioni tofauti na vingine. Lakini kinachokishika ni mdomo wa ganda tu, shaba nyembamba iliyobanwa. Ukishakitikisa kwa plaizi, ile shaba inatanuka na haibani tena. Tulikuwa upande wa Simanjiro, jioni, nyati wametukwepa, tunarudi kwenye gari. Nikavuta bolti, lile komeo la bunduki, nitoe risasi kwenye chemba. Likaja ganda tupu! Baruti ikamwagika magazini hadi kwenye kifyatulio, na kichwa kikabaki kimenasa mwanzoni mwa mtutu. Nilikuwa nimekivuta kupita kipimo, kwa hiyo bolti ilipofunga kilijisokomeza kwenye mikato ya ndani ya mtutu, kikang'ang'ania hukohuko.

Sasa weka nyati aliyejeruhiwa mbele ya hali hiyo. Risasi inayofuata ama inagoma kuingia, ukabaki umeshika rungu, ama inakisukuma kile kichwa mbele na bolti inafunga. Ukifyatua hapo mtutu unapasuka, na uso wako uko karibu nao.

Mteja niliyekuwa namwongoza kuwinda alikuwa ameshalipia siku zake za porini. Kesho yake bunduki iko njiani kurudi mjini, yeye kakaa kambini, gharama zikaniangukia mimi. Nilipomfuata yule fundi akanijibu eti sikuvuta sawasawa. Mtu anapima risasi kwa jicho, hajawahi kusimama mbele ya nyati, na mpaka leo anawashauri watu wanaokwenda kusimama mbele ya nyati! Inaniuma kuona ushauri uleule bado unatembea.

Wanaotengeneza risasi zao nyumbani, Marekani na Afrika Kusini, wana mashine ya kusukuma kichwa kwa kina kilichopimwa, kisha wanabana mdomo wa ganda juu ya kile kimfereji kinachozunguka kichwa. Hata hao, kichwa kikihama wanaivunja risasi yote na kuanza upya. Wewe huna hiyo mashine, na leseni yako ni ya kumiliki bunduki, si ya kutengeneza risasi. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 usiichezee.

Wala usiseme basi nitaipiga hivyohivyo ilivyozama. Kichwa kikizama, nafasi ndani ya ganda inapungua na presha inapanda. Hiyo .458 ganda lake ni fupi, milimita 63.5, na baruti imejaa. Ilitoka mwaka 1956, na baadaye ikaja kusumbua hasa kwa sababu baruti ilishindiliwa mpaka ikaganda. Wewe unataka kuishindilia zaidi?

Kwa nini zimezama? Angalia unavyojaza magazini. Bunduki inapiga teke, risasi zilizobaki ndani zinagonga pua ukuta wa mbele. Ukipiga moja unajazia moja juu, kesho hivyohivyo, basi ile ya chini kabisa inakula mateke yote na haipigwi kamwe. Nina hakika hizo mbili zako zilikuwa za chini. Kila jioni toa zote, na asubuhi iliyokuwa chini iwe ya kwanza kuingia chemba, kama haijahama.

Utajuaje imehama? Nunua venia, kile kifaa cha kupimia urefu kwa milimita. Chukua risasi mpya ya boksi hilohilo ambayo haijawahi kuingia magazini, iwe ndiyo kipimo chako, na .458 yoyote haitakiwi kuzidi milimita 84.8 kwa urefu wote. Ila usiamini urefu peke yake, maana risasi ya pua laini hubonyea ncha bila kichwa kusogea. Tazama kimfereji: mdomo wa ganda unatakiwa ukae juu yake. Kikiwa kimemezwa chote, kichwa kimezama. Kikiwa nje chote, kichwa kimetoka. Kishike na kwa vidole, kikizunguka hata kidogo, hiyo haifai.

Iliyohama haiingii chemba. Hairekebishwi, haipigwi kwa majaribio, humpi mtu mwingine. Hizo mbili zitenge leo kwenye kopo lenye alama, zirudishe kwa muuzaji mwenye leseni au ulizia polisi unakosajili bunduki namna ya kuzisalimisha. Na zile zilizobaki kwenye boksi zipime moja moja kabla hujatoka mjini.